Karakana ya Nyumbani: Usitie Pistoni Mpya Kabla ya Kujua Kilichoiua ya Kwanza

Msomaji wetu mmoja akaaye upande wa Nyahururu ameniletea barua ndefu yenye mwandiko mzuri. Asema kwamba anayo pikipiki ya zamani, Yamaha DT175, aliyoinunua kwa jirani yake aliyestaafu, na kwamba tangu mwezi wa pili injini yake imeshika kabisa, haizunguki. Amekwisha kununua pistoni mpya pamoja na ringi zake. Zimo katika kisanduku juu ya kabati, naye ataka nimweleze jinsi ya kuzitia. Namshukuru kwa barua yake. Lakini jibu langu la kwanza ni kwamba kisanduku hicho na kikae pale pale juu ya kabati kwa muda. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya haraka hiyo anayotaka kuifanya, na nitasimulia ilivyonigharimu.

Kwa faida ya wasomaji wengine, hasa vijana waliozoea pikipiki za bodaboda ambazo karibu zote ni za mipigo minne, yafaa nieleze kwanza chombo tunachokizungumzia. DT175 ni pikipiki ya njia za porini. Ni ndefu kwenda juu, nyepesi, matairi yake yana meno, na bomba la moshi limepandishwa ili lisigonge mawe wala kunywa maji mtoni. Injini yake ni ya mipigo miwili, yenye silinda moja ya upana wa milimita 66, na pistoni hupanda na kushuka milimita 50 tu. Haina vali zinazofunguka na kufungwa kichwani kama motakaa, wala haina tumbo la kuwekea oili ya injini. Oili yake huwekwa katika tangi dogo la pembeni, kisha pampu ndogo huipeleka injinini tone kwa tone na kuchomwa pamoja na petroli. Mpango huo wa pampu Yamaha walianza kuuza na pikipiki zao mwaka 1964.

Ukoo wake nao wapendeza. Mwaka 1939 kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitoa pikipiki ndogo ya cc 125 iliyoitwa RT 125. Baada ya Vita Kuu ya Pili mataifa kadhaa yaliiga: Waingereza wakatengeneza BSA Bantam mwaka 1948, na Wajapani wa Yamaha wakaifuata katika pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1, mwaka 1955. Mwaka 1968 wakaanza kuuza DT-1 yenye cc 250, iliyotengenezwa kwa ajili ya njia za mawe na vumbi lakini yenye taa na ruhusa ya kwenda barabarani. Hizi za 175 ni wadogo zake. Basi ndugu yetu wa Nyahururu anaposhika spana, anashika kazi ya wajukuu wa Mjerumani yule.

Sasa tuangalie siri moja ya injini hizi, maana bila ya kuijua yote nitakayosema yatakuwa kelele. Katika injini ya mipigo minne, chumba cha krenki ni mahali pa kukalia oili. Katika injini ya mipigo miwili chumba hicho ni pampu. Pistoni inapopanda, huvuta hewa, petroli na oili kidogo kutoka kwa kabureta hadi chumba cha chini. Inaposhuka, huusukuma mchanganyiko huo kupitia njia za pembeni hadi juu ya pistoni, ambako plagi huuwasha. Pampu yenye tundu haivuti vizuri. Kila mtu aliyepata kupiga pampu ya baiskeli ambayo ngozi yake imekauka alijua jambo hili mikononi mwake. Katika injini yetu, kazi ya ngozi ile hufanywa na sili mbili za mpira, moja kila upande wa krenki.

Sili ya kushoto iko nyuma ya gurudumu la sumaku, penye hewa kavu. Ikivuja, injini huvuta hewa isiyopitia kwa kabureta, mchanganyiko huwa na hewa nyingi mno na petroli kidogo mno, moto huzidi ukali, na pistoni hupanuka hata ikaishika silinda. Sili ya kulia iko upande wa klachi, penye oili ya gia. Ikivuja, injini hunywa oili ya gia, moshi mweupe mzito hutoka nyuma, na oili ya gia hupungua ijapokuwa hakuna tone lililoanguka chini. Mpira hauhitaji kwenda safari ili uchakae. Pikipiki iliyosimama ghalani miaka 20 huwa na sili zilizokuwa ngumu kama kwato.

Nije sasa kwenye kisa changu. Mjomba wangu, daktari wa mifugo aliyestaafu, alikuwa na DT175 aliyoizungukia vijijini kwa miaka mingi kuchanja ng'ombe. Alipoacha kuiendesha iliwekwa katika ghala la mahindi. Nami nikiwa karani kijana mwenye kitabu kimoja cha ufundi na majivuno mengi, nilimwomba aniruhusu niifufue. Akaniambia, "Mpwa wangu, ichukue. Lakini silinda hiyo haijakerezwa hata mara moja, nimeitunza."

Niliitia petroli mpya, nikabadilisha plagi, ikawaka. Nikaiendesha majuma mawili. Niliona jambo moja tu la ajabu: nilipoachia mkono wa mafuta, injini haikutulia upesi, bali iliendelea kupiga kelele juu juu kwa muda kidogo ndipo ishuke. Nilidhani ni nguvu za ujana zimeirudia. Siku ya kumi na tano ikashika. Nikafungua, nikakuta pistoni imechubuka vibaya. Sikuuliza neno. Nikaenda kwa mkereza, silinda ikapanuliwa hadi milimita 66.50 kwa sababu makovu yalikuwa na kina, nikatia pistoni mpya, nikafurahi. Fedha zile nilikuwa nimeziweka kwa karo ya mdogo wangu, na nilijiambia kwamba nitazirudisha mwisho wa mwezi.

Pistoni hiyo ya pili ilikufa nikipanda mteremko kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, adhuhuri, na mke wangu akiwa nyuma amepakata mfuko wa vitunguu. Gurudumu la nyuma lilishika ghafula. Mungu alitujalia nikawahi kukamata klachi, tukasimama kando bila kuanguka. Tulirudi kwa lori.

Mzee mmoja fundi wa jua kali ndiye aliyenifungua macho. Aliishika pistoni yangu mkononi, akaigeuza, akasema, "Bwana karani, ya kwanza ulimzika bila kuuliza alikufa kwa ugonjwa gani. Sasa umemleta na ndugu yake." Akaniuliza kama injini ilikuwa ikichelewa kutulia nilipoachia mafuta. Nikanyamaza.

Hasara haikuwa ya fedha peke yake. Silinda ya DT175 hutoka kiwandani ikiwa na milimita 66. Kiwanda hutoa pistoni za kufuatia za 66.25, 66.50, 66.75 na 67.00, kisha basi. Chuma kikiondolewa hakirudi, kama udongo wa shambani uliochukuliwa na mvua. Mjomba wangu aliitunza silinda yake katika njia mbovu kwa miaka yote ile bila kuigusa, nami kwa msimu mmoja niliivusha hadi 67.00, maana kovu la pili lilikuwa la kina kuliko la kwanza. Ndiyo, waweza kutoa ganda la ndani na kutia jipya, lakini kazi hiyo yataka mkereza hodari na bei yake si ya mchezo. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Kwa sababu hiyo, bwana wa Nyahururu, twende polepole.

Injini iliyoshika usiirukie kwa kiki, wala usiivute kwa gari. Toa plagi, mimina ndani mafuta ya dizeli yaliyochanganywa na oili nyepesi, kiasi cha vijiko vitano au sita, uiache siku tatu au nne. Kisha tia gia ya juu kabisa na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa upole. Ikikataa, ongeza siku. Subira hapa ni rahisi kuliko mkono wa pistoni uliopinda.

Kabla ya kufungua lo lote, osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, maana mchanga wa nje ukiingia ndani utakuwa umeanza ugonjwa mwingine. Skrubu za Wajapani za kichwa cha msalaba si sawa na hizi za kawaida. Bisibisi ya dukani huzila vichwa. Tafuta bisibisi ya namna yake, au ile ya kupigwa nyundo ambayo huzunguka inapopigwa. Skrubu na nati utakazotoa zichome katika karatasi ngumu uliyochora umbo la injini, kila moja mahali pake. Simu yako nayo na ipige picha kila hatua. Mimi hutumia pia trei za mayai, na nyumbani kwangu wameacha kulalamika.

Ukiisha kuinua silinda, usiitupe pistoni iliyokufa. Mchungaji hodari hutazama kinyesi cha ng'ombe akajua alichokula. Pistoni nayo husomwa hivyo hivyo. Michubuko ikiwa upande wa bomba la moshi, na kichwa cha pistoni kikiwa cheupe badala ya rangi ya kahawia, injini ilipata joto la kupita kiasi kwa sababu ya hewa nyingi au petroli pungufu. Mikwaruzo midogo mingi upande wa kabureta ni vumbi, nawe ukatazame chujio la hewa. Alama nne, kama zimepigwa kwa mpango kuzunguka pande zote, zaonyesha kwamba pistoni ilikazwa mno ndani ya silinda au iliendeshwa kwa nguvu kabla haijapata joto. Tundu katikati ya kichwa ni plagi ya joto lisilofaa, au moto unaowaka mapema kuliko inavyopasa, au petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Hili la mwisho si hadithi. Hata Serikali ya Kenya mwaka 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachanganyaji wasipate faida.

Ukiona dalili za hewa, kama zangu, sasa lifanyike jaribio ambalo yule mzee alinifundisha, nami naliona kuwa bora kuliko vitabu vyangu vyote. Wataka vitu vitatu: plagi mbovu, kipande cha bomba la mpira, na kipimo cha presha ya damu cha mkono, kile chenye saa na kitufe cha mpira cha kupulizia. Cha zamani chatosha, mradi saa yake ni nzima. Vunja udongo mweupe wa plagi, utoe kilichomo hadi ibaki ganda lenye tundu, kisha gundisha bomba hapo kwa gundi kali. Rudisha silinda na kichwa cha injini kwa muda, hata kwa pistoni ile mbovu. Ziba tundu la moshi kwa kipande cha tairi na bamba la chuma lililofungwa kwa boliti. Ziba pia mdomo wa kabureta. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili njia zote ziwe wazi. Fungia plagi yako ya uwongo mahali pake, upulize.

Pandisha mshale hadi 250. Usipite 300, maana sili zaweza kusukumwa zikatoka mahali pake, nawe utakuwa umevunja ulichotaka kukipima. Sasa funga, utazame saa. Mshale ukikaa dakika tatu au tano bila kushuka sana, chumba ni kizima, tafuta kosa kwingine. Katika injini ya mjomba wangu mshale ulifika sifuri kabla sijahesabu hadi ishirini.

Ukishuka, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote: chini ya silinda, kichwani, na penye maungio ya chumba cha krenki. Ondoa gurudumu la sumaku, upake na kwenye sili ya kushoto. Mapovu yatakuonyesha. Kwa sili ya kulia usiyoweza kuiona, fungua kifuniko cha kutilia oili ya gia, uweke sikio. Hewa ikitoka hapo, umekwisha kupata mwizi. Mpira unaounganisha kabureta na injini uukunje kwa vidole ukiutazama juani, maana nyufa zake hujificha unapokuwa umenyooka.

Gurudumu la sumaku litolewe kwa pula yake, chombo cha bei ndogo kinachoshika uzi wa ndani. Usilipige nyundo. Nimeona krenki zilizopindishwa hivyo na watu wazima wenye akili zao. Sili ya kushoto hubadilishwa bila kupasua injini; ya kulia iko nyuma ya gia za klachi, na kazi yake ni kubwa zaidi. Lakini injini ikiwa ni ya zamani, badilisha zote mbili, hata kama ni moja tu iliyovuja. Zilizaliwa siku moja.

Sasa, bwana wangu, waweza kushusha kile kisanduku. Mpelekee mkereza silinda pamoja na pistoni yenyewe, usimpelekee namba tu, ili akereze kwa kufuata kitu anachokipima. Nawe umkumbushe jambo moja, hasa kama amezoea silinda za motakaa: matundu ya ndani ya silinda yetu yakiisha kukerezwa huwa na kingo kali kama wembe, na ni lazima kingo hizo zipunguzwe kwa jiwe la kunolea. Zikiachwa, ringi hujikwaa hapo ikavunjika. Kabla ya kufunga, sukuma kila ringi peke yake ndani ya silinda na upime mwanya wa ncha zake. Sehemu tatu hadi tano za kumi za milimita zafaa. Ncha hizo ziikalie pini ndogo iliyo katika mfereji wa pistoni. Mshale wa juu ya pistoni uelekee bomba la moshi. Klipu za pini ya pistoni ziwe mpya. Ile ya zamani ikichomoka itachora silinda yako mpya kutoka juu hadi chini, nawe utalia.

Kuhusu kabureta sitasema mengi. Oshea vijitundu vyake, usivichokoe kwa waya wa chuma. Uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme watosha.

Oili ndiyo yataka uangalifu. Bomba la pampu likiwa na povu moja la hewa, pistoni itaendeshwa kavu kwa muda ule. Kwa hiyo toa hewa katika pampu kwa skrubu yake hadi oili itoke bila povu, na kwa tangi la kwanza uchanganye oili ndani ya petroli pia, kiasi cha mililita 33 kwa kila lita. Moshi utakuwa mwingi, na majirani watasema. Waache waseme. Oili yenyewe iwe ile ya mipigo miwili, si ile ya motakaa, na isiwe kabisa ile iliyokwisha kutumika, ambayo nimesikia wengine wakiisifu.

Kilomita 500 za kwanza usiikamue. Usipande nayo mlima kwa gia ya juu, na usimpakie mtu. Na kwa kuwa unakaa Nyahururu, mahali palipo juu kiasi cha mita 2,300, jua kwamba hewa yenu ni nyepesi. Kabureta iliyopunguzwa petroli ili ipendeze huko, itakuwa na petroli pungufu ukishuka nayo Mombasa, na ugonjwa wa hewa nyingi utarudi bila sili kuwa na kosa. Ukitaka kwenda pwani, tia kwanza jeti kubwa ya kabureta. Na katika mteremko mrefu usifunge mafuta moja kwa moja; yafungue kidogo kila mara, ili oili ipite.

Mjomba wangu yu hai bado, na pikipiki yake yawaka. Kila nimtembeleapo huniuliza silinda ni ya ngapi sasa, nami humjibu 67.00, naye hutikisa kichwa kisha akaomba chai.

Bwana wa Machakos aliyeuliza juu ya klachi inayoteleza, barua yako nimeipata. Nitaijibu juma lijalo. Kwa sasa tazama tu kama waya wake una nafasi ya kucheza kidogo penye mkono wa klachi.